Mbona Ni Picha Tupu?

Swali hili husikika zaidi mwezi Januari, wazazi wanapohangaika na mahitaji ya shule. Mama anaingia kwenye duka la vifaa vya shule mjini Bariadi, mkoani Simiyu, anachukua kitabu cha watoto, anakifungua katikati. Ukurasa mzima una sentensi mbili. Kilichobaki ni tembo, mti na jua kali. Anafungua ukurasa mwingine, hali ni ileile. Anamgeukia muuzaji: "Kaka, hapa mwanangu atasoma nini? Mbona ni picha tupu?" Kitabu kinarudi rafuni, yeye anaondoka na madaftari.

Simlaumu. Simiyu ni mkoa wa pamba, na fedha ya pamba huja kwa msimu. Ikishafika inakuta foleni inaisubiri: mbegu, dawa ya kunyunyizia, sare za shule, bati la nyumba. Daftari lina kazi inayoonekana. Kitabu cha aina hii bado hakijajieleza mbele ya mama huyu, kwa hiyo swali lake ni la haki, nalo linastahili jibu linaloeleweka badala ya hotuba juu ya faida za elimu.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Vipo vitabu ambavyo mchoro ni pambo: hadithi imekamilika kwa maneno, na mchoro umewekwa hapa na pale ili jicho lipumzike. Na vipo vile ambavyo maneno na michoro vimegawana kazi ya kusimulia. Ukiondoa kimoja, hadithi inachechemea. Hivi vya pili ndivyo vinavyoitwa vitabu vya picha, na ndivyo vinavyorudishwa rafuni. Huwa vitamu zaidi mwandishi na mchoraji wanapokuwa mtu mmoja, kwa sababu mtu huyo anajua nini aandike na nini aiachie brashi. Tanzania inaye fundi wa namna hiyo, na kwa bahati mbaya sifa zake zimefika mbali kuliko vitabu vyake vilivyofika hapa nyumbani. Anaitwa John Kilaka.

## Kutoka Sumbawanga hadi Oysterbay

Kilaka alizaliwa mwaka 1966 huko Sumbawanga, mkoani Rukwa, pembe ya kusini magharibi ya nchi, mbali kabisa na Bariadi. Alipofika Dar es Salaam aliingia katika kundi la wachoraji wa Tingatinga, na bila kuwaelewa hao huwezi kumwelewa yeye.

Tingatinga ni mtindo wa uchoraji uliochukua jina la mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa upande wa Tunduru mwaka 1932. Huyu alikuwa kibarua. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya ubao mwembamba wa kujengea, akitumia rangi ya mafuta kama ile ya kupakia baiskeli. Hakusomea sanaa popote. Picha zake zilikuwa na mnyama mmoja mkubwa, rangi za kuwaka, nyuma pametulizwa kwa rangi moja, na madoadoa yaliyopangwa kwa subira. Ziliuzwa Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, kwa wageni waliokuja kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu waliyekuwa wakimfukuza. Alikuwa amechora kwa miaka isiyozidi mitano. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu na jamaa, hawakuweka brashi chini. Walijiunga pamoja, baadaye wakawa na ushirika rasmi, na Oysterbay pakabaki makao ya kazi zao.

Wapo wanaoidharau Tingatinga kwamba ni sanaa ya watalii. Sitabisha sana. Twiga akichorwa mara elfu kwa ajili ya mnunuzi yuleyule, twiga huchoka na mtazamaji naye huchoka. Alichofanya Kilaka ni kumshusha mnyama kutoka ukuta wa hoteli na kumpa shida. Akamvika nguo, akampa jirani, njaa, na safari ya sokoni. Picha moja ikazaa ya pili, ya pili ikadai ya tatu, hadithi ikaanza kutembea. Wanyama wake husimama kwa miguu miwili na kuvaa nguo zenye marembo ya kuwaka, ya aina tunayoiona kwenye vitenge vyetu. Wamezungukwa na vyombo na nyumba ambazo mtoto wa kijijini hahitaji kuelezwa ni za wapi.

## Samaki, panya na mti

Kitabu kilichomtambulisha kilitoka mwaka 2001. Kinamhusu sokwe mvuvi anayepeleka samaki wake sokoni, huku mbwa mwenye tamaa akimmezea mate njia nzima. Yeyote aliyewahi kushuka na ndoo ya sato kutoka Lamadi anamjua mbwa wa aina hiyo.

Kilichofuata ni cha urafiki wa panya na tembo, na kwangu mimi ndicho bora zaidi. Panya ni mdogo lakini mchapakazi: ana akiba ya chakula, tena ndiye anayejua kuwasha moto, kwa hiyo wanyama wengine humtegemea. Tembo anamshawishi aweke akiba yake katika nyumba ya tembo, kwa kuwa ni kubwa na imara. Njaa inapoingia, tembo anaikalia akiba ile. Panya anaondoka zake, na ujuzi wa moto unaondoka naye. Watoto huishia kumzomea tembo. Wazazi wao, ambao wamewahi kuacha mazao kwenye ghala la mtu mwenye nyumba kubwa na imara, hunyamaza kidogo.

Cha mti wa ajabu kilitoka mwaka 2009. Ukame umepiga, wanyama wana njaa, na mti mmoja tu umesheheni matunda mabivu, lakini hata utikiswe vipi hakuna linaloanguka. Kobe mwenye hekima anajua siri: mti lazima uitwe kwa jina lake. Wanyama wakubwa wanatumwa kwenda kuliuliza, na kila anayerudi amelisahau njiani. Sungura, aliyebezwa mwanzoni kwa udogo wake, ndiye anayelishika hadi mwisho. Hadithi hii ina ndugu zake katika sehemu nyingi za Afrika. Mti hubadilika, mjumbe hubadilika, ila anayesahau jina huwa daima mwenye kifua kipana.

Hadithi hizi Kilaka hakuzikuta maktabani. Amekuwa akienda vijijini kuwasikiliza wasimulizi na kurekodi wanachosimulia, kisha anairudia hadithi kwa maneno yake na kwa brashi yake. Huo ndio urithi tunaopaswa kuusherehekea zaidi. Mchoraji hodari tunaye zaidi ya mmoja. Mchoraji anayekaa chini kumsikiliza bibi kabla hajachovya brashi ni adimu.

## Kwa nini vilianzia ugenini

Hapa pana kidonda. Vitabu hivi vilitoka kwanza kwa Kijerumani, nchini Uswisi, kupitia mpango wa Baobab, ambao kazi yake ni kuwafikishia watoto wa huko hadithi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Matoleo ya Kiingereza yakafuata, ya vitabu viwili vya kwanza kupitia Groundwood ya Toronto, Kanada. Maana yake ni kwamba mtoto wa Basel amekuwa na nafasi kubwa ya kukutana na panya wa Kilaka kuliko mtoto wa Lagangabilili.

Mtindo wenyewe wa Tingatinga umepata bahati hiyohiyo. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuangalia katuni za wanyama zilizochorwa kwa mtindo huo kwenye televisheni, na kazi ya kuzitengeneza ilifanyika Nairobi.

Msomaji asikimbilie kulaani. Kitabu cha picha ni ghali kukitengeneza. Kitabu cha maneno huchapwa kwa wino mweusi tu. Cha picha huhitaji rangi nne, yaani samawati, zambarau nyekundu, njano na nyeusi, ambazo hupishana juu ya karatasi hadi zitoe rangi zote nyingine. Karatasi nayo iwe nzito, la sivyo tembo wa ukurasa wa tatu atachungulia ukurasa wa nne. Gharama ya kila nakala hushuka tu ukichapa nyingi, na nyingi huchapwa tu ukiwa na uhakika wa wanunuzi. Si sisi peke yetu tuliobanwa hivyo. Eric Carle, Mmarekani aliyefariki mwaka 2021 na ambaye kiwavi wake mlafi anajulikana duniani kote, alipotaka kitabu hicho kiwe na matundu yaliyotobolewa kwenye kurasa mwaka 1969, ilibidi kichapwe Japani kwa sababu Marekani ilikuwa ghali mno. Tofauti ni kwamba kitabu chake kilirudi nyumbani, na tangu 2002 mji wa Amherst una jumba la makumbusho la michoro ya vitabu vya watoto lenye jina lake.

Kwetu juhudi zimekuwepo. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Ulitumia njia ya busara: mchapishaji anachapa kitabu, mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni, yeye anabaki na zilizosalia za kuuza. Hofu ya hasara ikapungua, na kizazi kizima cha waandishi na wachoraji kikapata mahali pa kujifunzia kazi. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya na E & D ya Elieshi Lema na Demere Kitunga waliendelea kuchapa vitabu vya watoto wakati ambapo wenye hesabu kali wangekwishafunga. Lakini njia ya kitabu kutoka Dar es Salaam hadi duka la Bariadi imebaki ndefu, kwa sababu duka la mji mdogo huishi kwa daftari, kalamu na kitabu cha kiada, kile ambacho mwanafunzi analazimika kuwa nacho.

Kwa ufupi: Kilaka amechukua hadithi zinazosimuliwa mdomoni na uchoraji wa Tingatinga, akaviunganisha katika kitabu. Vitabu vyake vilianzia Ulaya kwa sababu za fedha na soko. Hadithi zenyewe ni za hapahapa.

## Haya, picha inamfundisha nini mtoto?

Turudi kwa mama wa dukani.

Mtoto wa Itilima au Meatu aghalabu anakua kwa Kisukuma. Anachunga ndama, anaimba na kutukana kwa Kisukuma. Siku anayoingia darasa la kwanza anapewa mizigo miwili kwa wakati mmoja: herufi, ambazo hajawahi kuzitumia, na Kiswahili, ambacho amekisikia zaidi redioni na mnadani. Mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioanza mwaka 2015 kwa madarasa mawili ya mwanzo ulirudisha mkazo kwenye misingi, na ulifanya vyema. Hata hivyo walimu wa mkoa huu wanaufahamu mchezo mmoja wa watoto: mwanafunzi anasoma ukurasa mzima bila kukosea, ukimfunika macho anausoma tena bila kukosea. Ameukariri. Ukimuuliza maana ya alichosoma, anatazama dari.

Kitabu cha picha kinamnyima ujanja huo, kwa sababu kinamuuliza jambo ambalo hakulikariri. Chukua mfano wa kubuni. Sentensi inasema: *Sungura alilala.* Mchoro unamwonyesha sungura amejilaza chini ya mti, jicho moja limefumba, la pili liko wazi na linautazama mkoba wa fisi. Mtoto akiangalia atacheka, na akicheka ujue amesoma mambo matatu kwa mpigo: sentensi, mchoro, na uongo uliopo kati ya viwili hivyo. Amegundua kwamba anayesimulia anaweza kusema hivi huku jambo likiwa vile. Kwenye kitabu cha maneno matupu somo hilo humfikia mwanafunzi akiwa na miaka kumi na kitu, anaposhika riwaya. Hapa limemfikia akiwa na miaka sita, tena kabla Kiswahili chake hakijakomaa.

Mchoro pia unambebea mtoto maneno. Akiona "chungu" na hajui neno hilo, chungu kipo mbele yake, kimekaa kwenye mafiga, kinafuka moshi. Mwalimu hahitaji kutafsiri. Na mchoro unampa mtoto jambo la kusema: mwenye sentensi mbili tu za kusoma anaweza kuwa na sentensi kumi za kueleza anachokiona, ziwe za Kisukuma au za Kiswahili kibichi. Mtoto anayezungumza darasani anajifunza kwa kasi kuliko anayeitikia "ndiyo mwalimu".

Jambo hili si nadharia tu kwa Simiyu. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014, ulifanya kazi katika mkoa huu pamoja na mingine kadhaa. Kwa watoto waliokuwa hawajapitia elimu ya awali uliandaa mafunzo mafupi ya kuwatayarisha kwa shule, yakiongozwa na wasaidizi kutoka jamii zilezile, na hadithi ndizo zilizobeba mafunzo hayo.

Kama bado unaona picha ni za watoto wasiojua kusoma, jiulize wewe mwenyewe ulifungua gazeti kwa lipi. Kwa miaka mingi msomaji wa *Uhuru* alimtafuta kwanza Chakubanga wa Christian Gregory, ndipo akarudi kwenye hotuba ya ukurasa wa mbele. Gazeti la *Sani* lilisafiri kwenye mabasi hadi vijiji ambavyo vitabu havikufika, na Ndumilakuwili wa Philip Ndunguru alijulikana na watu wasiowajua wabunge wao. Hakuna mtu mzima aliyelirudisha *Sani* dukani akisema ni picha tupu.

## Usukumani kuta zilisimulia

Nimesikia pia hoja kwamba vitabu vya picha ni mambo ya kuletwa. Wasukuma wana jibu lao.

Kabla ya vitabu kuenea, Usukuma ulikuwa na vyama vya mafundi wa nyoka, Bayeye, waliojua kuwakamata, kuwachezesha, na kuwatibu walioumwa. Chama kilikuwa na siri zake na mafunzo kwa wanachama wapya, na mafunzo hayo yalifanyika katika nyumba ambayo kuta zake kwa ndani zilichorwa. Walichorwa nyoka, watu, wanyama na viumbe wa masimulizi. Mwanachama mpya alisimama mbele ya ukuta, mkubwa wake akaonyesha mchoro na kueleza. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi Tanganyika kama mtafiti wa mila kwa serikali ya kikoloni, aliinakili michoro hiyo na kuitolea kitabu mwaka 1953. Nyumba nyingi za aina hiyo zimebomoka, udongo umerudi kuwa udongo. Mwenye nia anaweza kufika kwenye makumbusho ya Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, aone jinsi Wasukuma walivyotunza mambo yao.

Kwa hiyo kumfundisha mtu kwa kumwonyesha mchoro na kumsimulia ni kazi kongwe hapa kuliko shule yenyewe.

## Masala Kulangwa bado anamsubiri mchoraji

Waliolelewa Usukumani wanajua shikome, moto wa jioni nje ya nyumba ambapo wazee na vijana walikaa. Hapo ndipo palipotegwa vitendawili, mmoja akisema "Kalagu!" na wengine wakiitikia "Kize!", na hapo ndipo Shing'weng'we alipowatisha watoto vizazi kwa vizazi.

Hadithi yake husimuliwa kwa namna nyingi. Nitaieleza kwa kifupi. Shing'weng'we ni zimwi lililomeza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao. Akapona mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto akakua akiuliza: mbona tuko wawili tu, wengine wako wapi? Mama akamweleza. Kijana akaenda porini, akarudi na mdudu: mama, Shing'weng'we ndiye huyu? Siye, mwanangu. Akaenda tena, akarudi na ndege. Siye. Akarudi na mnyama mkubwa zaidi. Siye. Hadi siku aliyokutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu na ng'ombe wakatoka wazima. Ila katika kupasua, kisu kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwa ndani, na kikongwe yule, badala ya shukrani, akatoka na kinyongo.

Angalia jinsi hadithi hiyo ilivyojipanga yenyewe kwa kurasa. Mdudu, funua. Ndege, funua. Mnyama, funua. Kila mara mkubwa zaidi, kila mara swali lilelile na jibu lilelile, hadi mtoto anayesikiliza anajibu kabla yako. Kisha ukurasa wa zimwi, ambao mchoraji mwerevu angeuacha bila neno hata moja. Na sikio la kikongwe mwishoni! Mtunzi mwoga angelikata sikio hilo kwenye hadithi kabla ya kisu. Wasukuma waliliacha, kwa sababu walijua hata mkombozi hudaiwa.

Mikononi mwa Kilaka hadithi ya aina hii ingekuwa kitabu. Lakini Kilaka ni wa Rukwa, na ametimiza ya kwao. Mchoraji wa Masala Kulangwa inafaa atoke Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu au Busega, kwa sababu ya jambo linaloonekana dogo: ng'ombe. Nimeona vitabu vya watoto ambavyo ng'ombe wake hana nundu, ana mabaka meusi na meupe, na kiwele kinachogusa nyasi. Mtoto wa Mwanhuzi, anayewatambua ng'ombe wa baba yake kwa pembe na rangi mmoja mmoja, akiona huyo atajua papo hapo kwamba kitabu hakimhusu. Mchoraji wa hapa angeweka nundu bila kufikiri. Angeweka plau begani, michembe ikikauka juu ya jiwe, na magunia ya pamba yakisubiri mizani.

## Ukikipata kitabu, fanya hivi

Ushauri huu ni kwa mzazi, kaka, dada au mwalimu, hata yule ambaye kusoma kwake si kwa haraka:

- Mara ya kwanza usisome maneno. Fungua kurasa taratibu, mtoto akueleze anachokiona, kwa lugha yoyote anayoiweza.
- Mara ya pili soma, ukionyesha kwa kidole. Usimsahihishe kila neno.
- Simama kabla ya kufunua ukurasa wenye tukio na uulize: unadhani itakuwaje?
- Funga kitabu, mwombe amsimulie bibi yake. Bibi akisema "kwetu hadithi hiyo haiishi hivyo", hapo umepata hadithi ya pili bure.

Na kama kitabu hakipo kabisa, chaki ipo. Maswa wanaitengeneza wenyewe. Mwalimu anayeweza kuchora fisi akatambulika kuwa ni fisi ana kitabu cha picha ubaoni kila asubuhi, japo hufutwa saa nne.

## Kwa anayejua kuchora

Neno la mwisho ni lako wewe kijana unayeandika mabango ya saluni na kuchora simba kwenye bodi za magari hapo Bariadi. Tafuta mzee anayemjua Masala Kulangwa vizuri, umrekodi kwa simu. Sikiliza mara nyingi kabla hujachora. Gawa hadithi katika kurasa, chora kwanza kwa penseli, watoto wa jirani waziangalie bila maneno, na palipowachanganya rekebisha mchoro, usiongeze maelezo. Andika jina la msimulizi na kijiji chake mbele ya kitabu, kwa sababu na yeye ni mwandishi. Kisha tafuta pa kupeleka muswada wako. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023 kwa riwaya na ushairi, na baadaye ikafungua mlango kwa hadithi za watoto. Peleka hadithi ya Simiyu, na ng'ombe wako mchore na nundu yake.